Gavana Asiyegeuza Farasi: Maisha ya Mzee Mingo Brayton, Kalafati

Ndugu waombolezaji, nanyi makalafati, waziba meli, mliokuja na lami kwenye kucha, familia inawasomea aliyoyaishi Mzee Mingo Brayton, na wanaojua zaidi wanyamaze mpaka mwisho.

Alizaliwa Warren, Rhode Island, mwaka 1756, tarehe hakuna aliyeiandika, ya ndama iliandikwa, ila mama yake alisema ni wiki ya kuchinja nguruwe, na shule hakuiona, alisomea ubavuni mwa meli, akiziba nyufa kwa katani na lami, ujira ukiingia mfukoni mwa Kapteni Pardon Thurber aliyemmiliki.

Mwaka 1784 alimwoa Phibba, mpishi wa nyumba ileile, na masika yaliyofuata Phibba, akipakua supu, akamsikia Kapteni akisema amempata mnunuzi wa Mingo, mtu wa visiwa vya miwa, naye usiku uleule akamwambia mumewe.

Jumamosi tarehe 25 Juni 1785 watu weusi walichagua gavana wao wa heshima, sikukuu waliyoruhusiwa na mabwana kila mwaka, kila mtu akijipanga nyuma ya amtakaye, Mingo akashinda, na kwa kuwa mabwana hushindana nani ana mtumwa nadhifu, Kapteni alimvika wigi lake, akampa farasi wake, akasema, “Zunguka mji mzima, Mingo, wapasuke kwa wivu!” naye akajibu, “Nitazunguka, bwana, hata wa mbali wanione,” akampakia Phibba nyuma kama mke wa gavana, wakazunguka na fidla na ngoma, mji ukaisha, farasi hakugeuzwa, na wazungu ambao siku nyingine humdai kila mweusi cheti cha njia, ruhusa ya bwana wake, siku hiyo walivua kofia wakicheka, “Shikamoo, Gavana! Mbona mbio?” mpaka wakaingia Massachusetts, ambako mahakama zilikwisha kuukataa utumwa.

Kapteni alitangaza kaibiwa farasi, neno lililomuudhi marehemu kuliko kuitwa mtoro, hivyo alimrudisha farasi kwa mkono wa mwenye kinu mmoja, amesuguliwa anang'aa, wigi limefungwa kichwani, na watu wa Warren walisema limempendeza kuliko mwenyewe.

Hapa New Bedford, Massachusetts, alikalafati meli za nyangumi hadi uzee, akajaliwa watoto watatu, Dinah, Quaco na Sharper, alikuwa mbishi, mchoyo wa tumbaku, na kila Juni aliazima farasi, hata alipohitaji ngazi kumpanda.

Kifua kilimshika Oktoba, akafariki tarehe 9 Machi 1826, akimlalamikia Phibba kwamba uji wa mahindi hauna utamu.

Familia inamshukuru daktari, aliyebisha mlango wa mbele kama kwa wazungu, majirani kwa kuni, na makalafati wenzake walioliziba jeneza kwa lami kana kwamba linakwenda baharini.

Pumzika kwa amani, Gavana, na huko mlangoni wakikudai cheti, usisimamishe farasi.