Shamba Lililohama

Basi lilikwenda polepole ndani ya ukungu, nami nikajifanya nimesinzia, maana bibi kama mimi akisinzia watu husema kweli. Mbele yangu mkulima mmoja alikuwa ameshika fomu ya msaada wa mafuriko, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kuipeleka.

"Wameandika 'shamba limeharibika'," alimwambia mama aliyekaa naye, ingawa hawakujuana. "Langu halikuharibika, dada. Limeondoka! Mto umebeba udongo na maharage yake, umeniachia mwamba. Karani anasema hawalipi shamba ambalo halipo."

"Mimi wamenilipa," mama akasema. "Nakaa huko chini, mto unakoshukia. Nilifukiwa na matope hadi dirishani."

"Matope gani?"

"Meusi, laini kama unga. Sasa yameota maharage ambayo sikupanda. Nilipong'oa mche wa kwanza, ganda la mbegu lilikuwa na madoa mekundu."

Mkulima akamgeukia kama aliyeletewa habari za mwanawe.

"Hayo ni yangu. Mbegu yangu ndiyo yenye madoa mekundu."

"Yako? Mimi nimeyaiba? Yamekuja yenyewe! Haya, yaite yarudi."

"Umelipwa kwa kufunikwa na shamba langu, dada!"

"Nililia kabla ya kulipwa, kaka. Usisahau."

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo haki inapochosha.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya misaada. Konda akaita, "Wa ofisini!" Mkulima hakuinuka. Fomu ilikuwa magotini pake, naye akauliza kwa sauti ya chini, "Yameshatoa maua?"