Mbio za Vijana wa Burungu

Garini kuelekea Goma, Omer, kocha wa timu ya vijana ya Burungu, alimwonyesha Mama Kasoki simu yake kama mtu anayeonyesha picha za harusi. "Wenye jeu ya mupira, ule muchezo ya ku telefone, njo walinipa hii kazi, Mama. Naandika kila kijana wangu: mbio, nguvu, pumzi, kwao wapi. Ma-club ya Ulaya inachagulia humu."

Mtoto wa Mama Kasoki alichezea timu hiyo. Mama akainamia ile simu. "Wangu, andika iko muzito. Anachoka haraka."

"Sasa nani atamuchukua?"

"Njo ile nataka, kaka. Huku haiko Ulaya tu njo inachagua vijana."

Omer alikuwa bado anacheka gari liliposimama kwenye barière, kizuizi cha waasi barabarani. "Telefone zote inje," akasema mwenye bunduki. Kidole cha Omer kilikuwa tayari kinapunguza namba za mbio, za timu nzima.