Kitabu cha Kumushika Hyacinthe

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa, tumekiegemeza kwenye ukuta wa gereji ya kina Huseni pale mutaa wa Asiatique, Bujumbura, na mutu asiyekijua basi muji huu anausikia kwa redio tu. Mi ndiye wanayemuita Waziri. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na sijaona bado mutu wa diploma wa kunishinda maneno. Kulia kwangu anakaa Huseni, fundi, tunamuita Buji kama ile buji ya kuwasha injini ya gari, kwa kuwa anawaka haraka na kuzimika haraka. Kushoto ni Ilias, tunamuita Kadhi, anayekata kila kesi kwa methali, na hakuna hata moja aliyowahi kuiweka mahali pake. Mbele yetu, juu ya jerikani tupu, anakaa Cirimwami, Mwalimu, ambaye hajafundisha mutu yeyote isipokuwa sisi, na sisi muchezo mumoja tu. Kahawa ni ya mama Khadidja, anayeuza hapo kando yetu. Tangu nchi za jirani zitufungie mipaka, sukari imebaki hadithi, kwa hiyo tunakunywa chungu, na siku ninayoisimulia ilitukuta tumeshakasirika.

Muchezo wenyewe ni huu. Munakaa mezani. Mwalimu anasimulia nchi isiyokuwepo, na sisi kila mutu ana mutu wake kwenye karatasi: nguvu zake, silaha yake, hata woga wake. Ukitaka kufanya kitu unarusha dadu, na kitabu kinasema kama umefaulu au umevunjika shingo. Kitabu hicho ni cha Kifaransa, Cirimwami alipewa na daktari muzungu wa mutaa wa Rohero aliyemufundisha kucheza. Sasa daktari amepanda ndege, amerudi kwao. Vitabu vyake vya nyongeza kamuachia mulinzi wa nyumba, na ujumbe kwamba Cirimwami achague kimoja, kwani vingine vina wenyewe. Mulinzi anangoja mpaka kesho, halafu anafunga nyumba.

Tungekuwa tumechagua tangu asubuhi kama si Hyacinthe. Hyacinthe ni wa tano wetu, mukaaji wa Mutakura, kaskazini ya muji. Mara ya mwisho tulipocheza, mutu wake, shujaa aliyemuita Chuma, tulimuacha katikati ya daraja lililokatika, ameshika kamba kwa mikono yote miwili na sisi wote tunaning'inia chini yake. Halafu mitaa ya kaskazini ikawaka moto wa bunduki, na Hyacinthe hajaonekana tena. Cirimwami kakataa tumuue Chuma. Kakataa vilevile mutu mwingine amucheze. Na kitabu chetu hakisemi neno juu ya shujaa ambaye mwenyewe hayupo. Basi kile kimoja cha nyongeza ndicho lazima kiseme, na Cirimwami alituapia: kisiposema, muchezo umekwisha na kijiweni hatatia mguu tena.

Mi nilianza, kama kawaida yangu. Nikasema tuchukue kitabu cha silaha. Humo kuna mishale ya moto, kuna panga za kukata upepo. Tukimupa Chuma upanga muzuri ataikata kamba mwenyewe, ataanguka kishujaa, na sisi tutalia kidogo tuendelee.

– Na we unayening'inia kwenye hiyo kamba utalilia wapi, Waziri? akauliza Huseni. Hewani?

Hilo sikuwa nimelifikiria, lakini sikumuonyesha. Nikamuambia yeye basi atoe lake, na akalitoa. Alitaka kitabu cha wanyama. Mwalimu aliwahi kutuambia humo kuna mnyama anayemumeza mutu bila kumuua. Chuma akamezwe, akae tumboni salama mpaka Hyacinthe arudi. Kama gari la muteja aliyesafiri, akasema, hulitengenezi, hulivunji, liko tu gereji linangoja. Ilias akataka kujua atakula nini humo tumboni. Huseni akawaka, akasema atakula anachokula mnyama. Na akitapikwa? Hatapikwi. Na mnyama akifa? Hafi, imeandikwa. Imeandikwa wapi na kitabu hujakiona? Karibu kahawa imwagike.

– Samaki mukunje angali mubichi, Ilias akakata kesi.

– Nani kataja samaki hapa? akauliza Huseni.

– Tumbo ni tumbo.

Sasa ikawa zamu yake Kadhi. Alianza kwa kusema kitabu cha uchawi ni haramu, hakiwezi kuingia nyumbani kwa baba yake. Akanywa funda moja. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ndani kuna dua ya kugeuza mutu jiwe. Jiwe halichoki kushika kamba, akasema, jiwe halisikii njaa, risasi ikilipiga inarudi. Tena haba na haba hujaza kibaba. Huseni akamuuliza kibaba kinaingiaje, Ilias akajibu kila mulima ulianza na jiwe moja.

Hapo tukaachana na akili kabisa. Mi nikahamia kitabu cha miji, chenye ramani, nikamupa Chuma ndugu pacha, mufanyabiashara tajiri, atakayekuja na farasi kushika kamba kwa zamu. Huseni akamugeuza yule mnyama wake kuwa daraja lenyewe, eti tangu mwanzo tulikuwa tunatembea juu ya mugongo wake bila kujua. Ilias akasema jiwe lake litazaa. Kila mumoja anapiga goti lake kwa ngumi, kila mumoja anamuita mwenzake mujinga, na mi nilikuwa nimeshamuambia Huseni jambo moja kuhusu kichwa chake na kabureta ambalo hapa siliandiki.

Cirimwami akainama mbele juu ya jerikani yake. Akasema:

– Munamuchimbia kaburi tu, kila mutu na jembe lake.

Tulimukasirikia, aibu hatukuona. Kisha Huseni akakumbusha bariyeri, vizuizi vya askari njiani. Kutoka Rohero mpaka hapa utasachiwa kila mufuko, na askari akifungua kitabu akakuta michoro ya silaha, au ramani ya muji asioujua, utamuelezaje kwamba muji wenyewe haupo? Atasema we ni muasi na huo ni mupango. Kwa hiyo anayekwenda asiwe mutu wa kutetemeka.

Kuhusu hilo hakuna aliyekubali kuwa wa pili. Huseni akachomoa lesepase yake yenye muhuri, maana wanatengeneza magari ya serikali, akasema kwa karatasi hiyo anafika popote, kaskazini na kusini, bila kuulizwa jina la mama yake. Ilias akasema koplo mukubwa wa njia yote ya juu anakunywa chai kwa mujomba wake, kumutaja tu kamba ya bariyeri inashuka. Mi nikawacheka wote wawili. Nikasema bariyeri ziliwekwa kwa ajili ya watu wasiojua kuongea, na hakuna hata moja Bujumbura hii iliyowahi kunirudisha.

Kulikuwa na musichana amekaa kwenye ngazi ya duka la jirani. Alifika wakati Huseni anamulisha mnyama wake Chuma, akamusalimia mama Khadidja, akapewa kikombe. Hatukumujali. Sasa akauliza:

– Ni Chuma wa Hyacinthe munayemuongelea?

Cirimwami akasimama, jerikani ikaanguka nyuma yake.

– Unamujua?

– Mi ni dada yake, Joëlla. Alikuwa ananisimulia huo muchezo kila Jumapili.

Akatueleza bila kupandisha sauti. Siku ya kukimbia walitoka pamoja, yeye na kaka yake. Njiani Hyacinthe akakumbuka bibi yao kabaki ndani, miguu yake haitembei, akarudi kumubeba. Joëlla akasukumwa na watu mpaka kwenye kambi ya waliokimbia, na tangu hapo anazunguka anauliza. Alijua kaka yake ana marafiki Asiatique, watu wa maneno mengi, basi akaja.

Mi nikamupa pole. Nikamuambia hata sisi habari hatuna, dada, kwani Mutakura siku hizi hakufikiki.

Akaniangalia mi, kisha karatasi mukononi mwa Huseni, kisha Ilias.

– Mumesema munapita popote. Nani kati yenu alifika nyumbani kwetu kuangalia?

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumuambia maneno ya kijiweni ni maneno ya kijiweni, kwamba yeye ni mugeni na hajui desturi. Badala yake nikaangalia mikono ya Huseni. Huseni alikuwa anaikunja lesepase, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama dadu. Ilias hakupata methali hata ya uongo. Na Mwalimu, aliyekataa tumuguse Chuma hata kwa ukucha, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Joëlla akatungoja. Akanywa kahawa yake chungu mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akatuuliza tena.