Alichoomba Dada Niliyemruka

Sogeeni karibu, Pranoto na wewe Winarsih, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki kurudia. Mashamba ya mpunga mmeshagawana kwa amani, sina neno. Neno langu ni la nyumba hii mnayotaka kuiuza, na la mama yenu mkubwa Sukesi, ambaye saa hizi yuko jikoni anafunga tempe za soya kwenye majani ya mgomba kama vile hakuna anayekufa.

Mnajua nilimruka. Baba yenu aliponiposa nilikuwa na miaka kumi na tisa, dada ishirini na sita, hajaposwa na mtu. Kwetu mdogo hatangulii kuolewa mpaka mkubwa ampe ruhusa, na mkubwa hutaja anachotaka, nacho hakikataliwi. Tulimwandalia vazi zima, batiki mpaka viatu. Tukashika muwa mweusi, yeye ncha hii, mimi ile, akanivusha juu ya kilima cha wali kilichopangwa sakafuni huku wajomba wakimtania aombe ng'ombe, huyo angalau hatamkimbia. Akacheka nao. Kisha akasema, "Vazi sitaki. Usiniache nikala peke yangu, basi."

Watu wakacheka zaidi. Mimi nikajibu, "Ndiyo, dada," upesi upesi, kwa sababu pambo la kichwani lilikuwa linaniuma.

Mwezi wa pili baada ya harusi mimi na baba yenu tukahamia Lampung, ng'ambo ya bahari, tukakaa miaka ishirini na mbili. Niliporudi mjane nilimkuta humu ndani amepakua sahani mbili. Nikamwuliza mgeni ni nani, akasema hakuna, ni mazoea tu. Sikumwomba msamaha. Nilikaa, nikala ile ya pili, na tangu siku hiyo tunakula pamoja bila maneno mengi.

Kwa hiyo nyumba haiuzwi akiwa hai. Na msimletee chakula kwenye vyombo mkaondoka, wala msimwekee mtu wa kumtazama. Winarsih, wewe umebaki na kuta tangu mwanao aende Surabaya, hamia hapa. Pranoto, usiniangalie hivyo, kwako ni nusu saa kwa pikipiki. Siku asipokuwepo dada yako, utakuja wewe, utakaa chini, utakula.

Nipeni maji. Kidogo.

Kuna jingine. Mimi ndiye mdogo, na naondoka kabla yake. Namruka mara ya pili, na safari hii sitaki kujibu upesi upesi. Kakate muwa nyuma ya kisima, Pranoto, umpe ncha moja. Mwulizeni anataka nini. Atakalolitaja mtalibeba ninyi, mimi sitaweza.

Mungu awape wa kula naye, wanangu, kila siku, hadi ile ya mwisho. Sina baraka nyingine... hiyo ndiyo niliyoijua thamani yake.

Nyamazeni. Nasikia kandambili zake.

Dada. Kaa hapa, karibu... Umeshakula?