Jiwe Lenye Miguu

Sogeeni, wanangu, Fidencio na wewe Hermila, na mfunge mlango kuku wasiingie, maana nikikata roho huku jogoo amenikalia kifuani, kijiji kizima kitasema hata kufa kwangu kulikuwa mzaha. Nimewaita niwaambie neno ambalo kwa miaka thelathini na minane nimelimeza kila siku pamoja na maharage.

Watu wananiita Jenerali. Jenerali gani? Nilikuwa na wapiganaji arobaini, nyumbu sita wa mizigo, na bunduki ambazo nyingine zilifaa kukorogea uji tu. Lakini tuliipigania miaka tisa ardhi yetu iliyomezwa na hasienda ya Santa Rufina, shamba kubwa la matajiri, tukilala ndani ya miwa na kuzika wenzetu waliokuwa bora kuliko sisi. Próculo, yule aliyekubeba wewe Hermila siku ya ubatizo wako, alipigwa risasi pale kwenye chemchemi, akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, akisema, "Odilón, haya maji usiyaache."

Nikayaacha. Tena kwa kidole hiki.

Serikali ilipokubali kuturudishia mashamba, alikuja mpima ardhi na darubini yake ya miguu mitatu, akauliza mbele ya watu wote jiwe la mpaka liko wapi. Hati za kale ziliungua vitani, na wazee waliolijua walikuwa wamekwisha, karibu wote. Nilipaswa kusema sijui. Lakini jenerali mwenye kofia pana kama ile angeanzaje kusema hajui? Nikanyoosha kidole kwenye jiwe nililolizoea tangu utoto, chini ya chemchemi.

Mama Nicanora, mama yake Próculo, akapaza sauti, "Siyo hilo, Odilón! Hilo watu wa hasienda walilisogeza nikiwa mwari!"

Nami nikamjibu, "Kumbe mawe ya zama zenu yalikuwa na miguu, mama? Na yalitaga mayai?"

Watu wakaangua kicheko. Mpima ardhi alicheka mpaka akavua miwani, akaandika, nikabandika dole gumba, na chemchemi ikabaki upande wa hasienda. Yule bibi alijifunika mtandio wake akaondoka peke yake, na hadi anaingia kaburini hakuitikia tena salamu yangu.

Miaka minne baadaye, nikimtafuta nyumbu aliyepotea, nikajikwaa kwenye magugu juu ya chemchemi. Lilikuwa jiwe, nalo lina alama ya kijiji chetu, msalaba na samaki. Nililia pale mpaka nyumbu mwenyewe akaja kunitazama. Kisha, wanangu, nikalifukia kwa mikono hii, nikarudi nyumbani kula.

Leo hasienda imekuwa hoteli, wageni wa mji mkuu wanaogelea ndani ya maji ya Próculo, na ninyi mnapanga ndoo mbele ya bomba linalokohoa. Na pale shuleni wamenijenga kwa saruji, sanamu nzima. Nikifanya nini? Nimenyoosha kidole!

Unasemaje, Fidencio? Homa? Si homa. Eti kwa nini niwaaibishe sasa, si ningekaa nalo tu? Nimekaa nalo, mwanangu. Tazama lilivyoninenepesha.

Basi shikeni haya. Lile shamba la bondeni, nililopewa kwa shukrani, mpeni Eulogia, binti Próculo, na asiwepo wa kunung'unika. Lifukueni jiwe, liko hatua thelathini juu ya maji, kwenye mwamba uliopasuka. Iteni mkutano; Hermila, sema wewe, maana Fidencio atameza maneno kama mimi. Maji hamtayapata, sitawadanganya. Nilimuuliza karani mmoja, nikijifanya ni habari za kijiji kingine, akasema dole gumba likishakauka, limekauka. Semeni hivyo hivyo. Kisha nendeni kwenye kaburi la Mama Nicanora mkamwambie... mwambieni alisema kweli.

Kofia msinizike nayo. Na mkono huu ufungeni ngumi, kidole kisionekane.

Hermila, maji kidogo, mama... Ya bomba? Haya, hayo hayo.

Lete kichwa, Fidencio, nikushike. Mungu awatunze. Awape... awape ulimi wa kusema sijui, mbele za watu, mchana kweupe. Ndio huo tu, urithi mwingine sina.

Na wakicheka pale mkutanoni... watacheka, nawajua, mimi ndiye niliyewafundisha... waacheni wacheke. Wakimaliza... waonyesheni yule samaki wa jiweni.