Nyuso Saba Chini ya Paa: Kumuaga Fundi Elijah Kimeu

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 1985, Fundi Elijah Kimeu anaweka chini nyundo na patasi za ofisi ya ujenzi ya kanisa letu baada ya miaka ishirini na minne. Hajawahi kuchelewa kazini, isipokuwa ile asubuhi ya mwaka wa 1974 ndovu walipokaa katikati ya barabara pale chini ya Mwatate. Hata siku hiyo alifika na mchoro wao nyuma ya pakiti ya sigara.

Alitoka Ukambani akiwa kijana wa kuchonga vinyago vya mbao, akashuka Voi kwa gari moshi mwaka wa 1961 kutafuta kibarua cha mkonge. Padri wetu wa wakati huo alimkuta sokoni akichonga swara, akamwonyesha picha ya kikanisa cha kwao Ulaya kilichojengwa miaka mia nane iliyopita. Alitaka kama hicho hapa milimani, juu ya Wundanyi.

Picha ile wengi wetu tuliishika. Mlango wake ulikuwa wa matao matatu ya duara, moja ndani ya lingine, na nguzo zake zilikuwa fupi na nene, zenye majani ya mawe kichwani. Chini ya paa palikuwa na safu ya nyuso za watu. Padri alieleza kwamba mafundi wa enzi zile walichonga watu waliowajua: mwoka mikate, mchunga kondoo, mwenzao wa kazini. Simba alikuwepo pia, ila aliyemchonga hakuwahi kumwona simba, maana alifanana na mbwa aliyenyeshewa. Kimeu alicheka mpaka akakaa chini.

Simba wa kanisa letu, Kimeu alimchonga dume asiye na manyoya shingoni. Padri alipouliza manyoya yako wapi, aliambiwa aende Tsavo akawaulize wenyewe. Alienda, akaona madume ya huko hayana manyoya, na simba akabaki vile vile. Mawe yalitoka Mazeras kwa gari moshi hadi Voi, kisha kwa lori. Kimeu alilipapasa kila moja kabla halijashushwa, na mengine yalirudi yalikotoka.

Chini ya paa alichonga nyuso saba, kila moja katika kishimo chake ukutani: wajenzi wenyewe. Mpishi wetu Mable yumo, na kitambaa chake kichwani. Owino yumo, fundi wa mbao kutoka Yala, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa mwaka wa 1963 akafa kabla ya kufika hospitali. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Mkewe, Awuor, alikuwa akipanda kutoka Voi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, anasimama uani, anamtazama. Nami nimo, Fanuel Mwandawiro, karani wa ofisi, mdomo wazi.

Kwa desturi hapa ningeendelea na pongezi. Lakini naona haya, na leo nitasema kwa nini.

Mwaka wa 1971 wazee wawili wa kamati walianza kunong'ona kwamba vichwa vilivyopangwa kwenye mawe namna ile ni kama mafuvu ya mababu, yale ambayo sisi Wadawida, Wataita wa milima hii, tulikuwa tukiyahifadhi mapangoni. Kimeu ni Mkamba, hakujua. Mimi nilijua. Nilijua pia kwamba si mafuvu, kwa sababu nilikaa mbele yake siku tatu akinichonga. Neno langu moja lingewatuliza wazee wale. Lakini wenzangu wa kwaya walikuwa wakinitania kwamba nimechongwa nikiuchapa usingizi ofisini, na nilikuwa nimechoka kuchekwa. Basi nikaandika barua kwa makao makuu, kwa taipureta, bila jina, nikasema kanisa limegeuzwa pango la mafuvu.

Jibu lilikuja: nyuso zifunikwe kwa simiti, na aliyezichonga asichonge tena. Kazi ya kufunika alipewa Kimeu mwenyewe. Miaka kumi na minne tangu hapo amejenga matangi ya maji na vyoo vya shule, kutoka Makwasinyi hadi Taveta. Ni matangi mazuri, hakuna hata moja linalovuja, lakini aliyempeleka huko ni mimi. Awuor naye aliendelea kupanda Jumapili zake, akasimama uani akitazama simiti. Nilimwona kutoka dirishani, nikajifanya natafuta faili.

Mvua za Aprili mwaka huu zilipiga ukuta ule wiki mbili, simiti ikabanduka vipande vizima. Nyuso zote saba zikatoka bila hata mkwaruzo. Kumbe Kimeu alikuwa amezipaka udongo kwanza, na simiti haishiki kwenye udongo. Alitii amri, na watu wake akawatunza. Tulimwita Awuor, tukaegemeza ngazi. Kimeu akaishika kwa mikono miwili, mama yule akapanda, akamfuta mumewe udongo usoni kwa kanga yake.

Nilipofika chini ya uso wangu, nilijitia utani, nikamwambia Kimeu alinionea kunichonga nimesinzia. Alinishangaa.

"Umesinzia wapi, Fanuel?" alisema. "Ulikuwa unaimba. Siku zote tatu ulikuwa unaimba."

Tangu siku hiyo nimeenda kwake mara tatu kumwambia habari za barua, na mara tatu nimeishia kuuliza mbuzi wanaendeleaje. Mkewe, Peris, ameanza kudhani nataka kununua mmoja. Kwa hiyo, Mzee Kimeu, unasikia leo mbele ya watu wote, kama ulivyoadhibiwa mbele ya watu wote: ni mimi niliyeandika. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, sitakulaumu.

Ofisi nzima inakushukuru. Zawadi yako haiko pale mezani pamoja na soda. Ni jiwe la Mazeras, limefika Voi jana, na makao makuu yamekubali uchonge utakacho, baada ya kupata barua nyingine, safari hii yenye jina langu. Kando ya Owino pana nafasi, kwa maana hukuwahi kujiweka mwenyewe. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani na mkono usiotetemeka. Siku utakayopanda kuweka uso wako, mimi nitakuwa pale chini nimeshika ngazi, ukiniruhusu.