Tembe za Mumbua Nilizomwaga Chooni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, kwa maana mimi Mutua nimesimama mbele yenu hapa Mbooni kusema jambo la aibu, na wakwe zangu wametoka kwao kijijini Tulia kunisikiliza.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, uti haukuwa umefungika. Aliishi siku tisa. Tulipomzika sikujua nimwambie nini mke wangu Mumbua, kwa hivyo nikanyamaza. Mwaka mzima nilikuwa mtu wa kulima, kula na kulala.

Siku moja nikitafuta kiwembe kabatini, nikapata tembe ndogo za manjano. Ndugu zangu! Nilijua ni za kupanga uzazi, huyu mama hataki tena kuzaa na mimi. Sikumuuliza. Nilizimwaga zote chooni.

Jioni akauliza, "Mutua, tembe zangu ziko wapi?"

"Zile za kuzuia mimba? Kaziangalie chooni!"

Mumbua alikaa chini karibu na jiko, akalia. "Hizo ni za foliki, vitamini ya kusaidia mgongo wa mtoto ufungike," akasema. "Sista wa kliniki alisema nianze kumeza kabla sijashika mimba. Mgongo wa mtoto hufungika mapema sana, hata mama hajajua kama ana mimba."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu tuzike mtoto, umeongea na mimi lini?"



Kesho yake niliteremka naye hadi kliniki. Sista akampa tembe zingine, hakunigombeza. Nikamuuliza kitu kilichonikaa kooni mwaka mzima: "Ni mke wangu alikosea?"

"Hapana. Hakuna aliyekosea."

Ndugu zangu, hapo Bwana alinifungua! Kumbe nilikuwa nimemlaumu Mumbua moyoni siku zote hizo. Nilimwomba msamaha tukiwa bado kwenye benchi, watu wakituangalia.

Tangu siku hiyo nilimletea maji ya kumeza tembe kila asubuhi. Miezi ikapita, akashika mimba. Sista alikuwa ametuambia wazi kwamba foliki hupunguza hatari, haiimalizi yote, kwa hivyo tuliomba na tukaogopa mpaka mwisho.

Alizaliwa msichana. Nilipitisha kidole mgongoni mwake, kutoka shingoni hadi chini. Mzima! Haleluya!

Namshukuru Mungu kwa mtoto, kwa tembe, na kwa mke aliyenisamehe. Na wewe ndugu yangu uliyenyamaza nyumbani, mtumaini Bwana, atakupa mdomo. Tukitoka hapa, nenda ukaongee na mke wako.